Namba Sahihi, Lori Siyo: Kisa cha Kupima Ulinzi wa Kampuni ya Usafirishaji

Kilichotuleta

Kontena la futi arobaini lilitoka yadini mchana kweupe, karatasi zake zote zimekamilika, na mlinzi ndiye aliyelifungulia geti. Kesho yake saa mbili asubuhi likaja lori lenyewe, na dereva mwenyewe, na oda ya kupakia yenye namba ileile. Karani akaangalia orodha yake, akamwangalia dereva, akamwambia, "Mbona mzigo wako umeshachukuliwa?"

Nimeondoa au kubadili kila kinachoweza kuitambulisha kampuni hii: jina, mahali yadi ilipo, aina ya mzigo, mwezi. Nimeacha njia tu, maana bila njia kisa hakieleweki. Ni kampuni ya Tanzania yenye malori yasiyofika mia, inabeba mizigo ya transiti kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo kupitia Tunduma, na mara mojamoja Rwanda kupitia Rusumo. Ina yadi ambako makontena hushushwa kusubiri malori. Mzigo ukizidi, hukodi malori ya wengine. Hilo la kukodi likumbukwe, tutalirudia.

Mkurugenzi alitupokea, mimi na mwenzangu tunaopima ulinzi wa kampuni kwa kujaribu kuupenya, na jibu mkononi: "Nimedukuliwa." Hoja yake ilikuwa nyepesi na haikuwa ya kijinga. Namba ya oda ilikuwa sahihi. Namba hukaa kwenye kompyuta. Kwa hiyo kuna mtu ameingia kwenye kompyuta. Alitaka tukague mtandao, tumwandikie ripoti, tuondoke. Polisi walikuwa na jalada lao la wizi. Hilo halikuwa letu na sitaligusa hapa.

Tulichokubali na tulichokataa

Tulimwambia kwamba namba ikishachapwa imetoka kwenye kompyuta. Inakaa mfukoni mwa dereva, mezani kwa wakala wa forodha, kwenye simu ya utingo. Anayepima kompyuta peke yake amepima nusu ya njia.

Nilimpa mfano wa bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Kati ya 2011 na 2013 wauza dawa za kulevya waliwatumia wadukuzi kupata taarifa za makontena, ili wayachukue kabla wenye mizigo hawajafika. Walianza kwa baruapepe zenye programu za kijasusi. Zilipogundulika na njia hiyo kuzibwa, walivunja ofisi kwa miguu yao wenyewe na kupachika vifaa vya kunasa kinachochapwa kwenye kompyuta, vingine vimefichwa ndani ya soketi za kurefushia umeme. Mwizi hajali kama mlango ni wa mbao au wa kompyuta. Mkurugenzi alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei.

Tukaandika mipaka kabla ya kugusa chochote. Mifumo ya forodha, ya bandari na ya kampuni za meli haikuwa yake, hivyo saini yake isingetulinda huko. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, nia njema au mbaya. Mizigo ya transiti nayo ipo chini ya dhamana ya forodha, kwa hiyo hakuna kontena lenye mzigo ambalo lingesogezwa hata mita moja kwa sababu yetu.

Mkurugenzi alipendekeza turuke ukuta usiku. Nilikataa, na ningekataa tena leo. Walinzi wa usiku pale wana bunduki. Na hata wasingekuwa nazo, nje ya ukuta kuna mtaa. Ukipigiwa ukelele wa mwizi saa nane za usiku, hakuna atakayekusubiri utoe barua ya mkurugenzi na kuisoma. Wataalamu wa nchi nyingine huandika kuhusu kupanda uzio kama vile ni mazoezi ya viungo; kwetu sisi unaweza kurudi nyumbani ndani ya sanduku. Kila kitu kingefanyika mchana, kupitia getini.

Barua ya ruhusa ilisainiwa kwa nakala tatu, ikiwa na namba za simu za watu wawili watakaopokea saa yoyote. Hakuna mwingine aliyejua, wala kampuni ya ulinzi iliyoajiri walinzi. Uamuzi huo wa mwisho ulikuwa wangu, nao ndio uliozaa baya kuliko yote katika kazi hii.

Benchi la mama ntilie

Siku mbili za kwanza hatukufungua kompyuta. Mbele ya geti, ng'ambo ya barabara, kuna mama ntilie mwenye mabenchi mawili na turubai. Madereva hunywa chai pale wakisubiri kupangiwa. Mimi na mwenzangu, dada mdogo kwangu kwa miaka kumi, tulikaa pale kama watu wanaosubiri mtu.

Kwa siku mbili unajua mengi: walinzi hubadilishana saa kumi na mbili na robo, karani wa yadi huenda kula saa saba na geti hubaki na mtu mmoja, dereva mpya huambiwa na wenzake, "We ingia tu, sema unatoka kwa fulani."

Siku ya pili niliagiza maandazi mawili. Mama akayaweka kwenye karatasi, akaikunja pembe, akanipa. Nilipomaliza la kwanza nikaona karatasi ina nembo. Ilikuwa nakala ya oda ya kupakia ya kampuni hiyohiyo, ya mwezi uliopita, mafuta yameloanisha nusu ya juu lakini namba inasomeka: herufi tatu, mwaka, kisha tarakimu nne. Nikamuuliza mama karatasi nzuri kama hizi anapata wapi. Akasema kijana wa usafi humletea bandali kila Ijumaa, naye humpa chai.

Nikaomba andazi la tatu. Oda nyingine, siku nyingine, namba yake imezidi ile ya kwanza kwa tisa. Ya andazi la nne ikazidi kwa kumi na mbili. Zilikuwa zinapanda moja moja. Jioni hiyo dereva mmoja alipiga picha oda yake akaiweka kwenye status ya WhatsApp kwa maneno ya "Safari Kasumbalesa, dua zenu". Mwenzangu alikuwa ameomba namba yake ya simu asubuhi kwa kisingizio cha kuuliza nafasi za kazi. Sasa tulijua mfuatano ulipoanzia na ulipofika.

Hakukuhitajika udukuzi wa namna yoyote. Mkurugenzi alikuwa ameficha siri ambayo mtoto wa darasa la tatu angeihesabu kwa vidole.

Shikamoo

Siku ya tatu mwenzangu alikwenda getini akiwa na mkoba wa laptopu, kizibao cha kung'aa na kamba ya kitambulisho shingoni, kitambulisho kimegeukia nyuma. Mlinzi wa asubuhi alikuwa mzee wa makamo ya baba yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nimetumwa kuangalia intaneti, wanasema inasumbua."

"Inasumbua kweli. Andika jina hapo."

Akaandika jina la uongo kwenye daftari. Mzee hakuuliza kitambulisho. Nilizungumza naye baadaye sana, akanieleza kwa utulivu: binti kakusalimia kwa heshima, umeitika, umemwita mwanangu; ukigeuka hapohapo kumdai kitambulisho ni kama kumwambia salamu yake ni ya kitapeli. Na intaneti ilikuwa inasumbua kweli. Intaneti husumbua kila mahali. Ndiyo maana tulichagua uongo huo.

Ndani, alikaa chumba cha mikutano na kuchomeka waya ukutani. Mtandao ulikuwa mmoja kwa wote: kompyuta za uhasibu, kamera za ulinzi, printa, kompyuta ya wapanga safari, na simu za wageni waliopewa waifai. Kamera zilikuwa na paswedi iliyotoka nayo kiwandani. Kompyuta ya kufuatilia malori ilikuwa wazi, haijafungwa tangu siku nyingi. Hapo wengi wangeandika "uzembe". Tulipouliza baadaye, mpanga safari alieleza kwamba wakitoka kwenye akaunti, kengele za malori hunyamaza. Usiku mmoja lori lilisimama pasipostahili, kengele haikulia, na yeye ndiye aliyekatwa mshahara. Alichagua kompyuta iwe wazi kuliko akatwe tena.

Mtandao wa namna hii una historia yake. Juni 2017 programu haribifu ya NotPetya iliingia Maersk kupitia programu ya uhasibu iliyotumika Ukraine, ikasambaa hadi makao makuu na vituo vya bandari duniani kwa kuwa hapakuwa na kuta za kutosha ndani ya mtandao. Kampuni ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Nakala muhimu iliyowawezesha kusimama tena ilipatikana ofisi ya Ghana, iliyonusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Mkurugenzi aliipenda hii ya Ghana. Akasema basi na sisi tumelindwa vizuri.

Lori juu ya mawe

Malori yote yalikuwa na vifaa vya GPS vya bei nafuu vyenye uwezo wa kukata mafuta ili kuzima injini kwa mbali. Julai 2022 CISA, wakala wa usalama wa mitandao wa serikali ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu kifaa kimoja cha aina hiyo, MiCODUS MV720: baadhi ya amri za meseji kilizipokea bila kuthibitisha nani kazituma, na paswedi yake ya kuanzia ilikuwa 123456. Cha hapa kilikuwa cha chapa nyingine. Tabia zilifanana.

Tulikataa kujaribu kwenye gari linalotembea. Tuliomba lori bovu lililokuwa limewekewa mawe kwenye matairi nyuma ya karakana, betri ikawashwa, injini ikaunguruma. Nilituma meseji kutoka laini niliyonunua asubuhi hiyo, ambayo haijawahi kuonekana na kifaa kile. Sekunde kama kumi hivi kimya. Kisha chini ya dashibodi kikasikika kitu kidogo, *tak*, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza.

Dereva mmoja mtu mzima alikuwa amesimama anatazama. Akasema polepole, "Mimi masika yaliyopita lilinizimikia Kitonga napandisha. Wakanikata hela ya fundi." Hatukuweza kuthibitisha kwamba ndicho kilichotokea, na nikaandika hivyo kwenye ripoti. Lakini anayeijua barabara ya mlima Kitonga, ukuta upande mmoja na korongo upande wa pili, anaelewa kwa nini mkurugenzi alinyamaza kwa muda mrefu kuliko alivyonyamaza kwa Antwerp.

Siku ya oda

Usiku wa kuamkia siku ya tano nilimtumia mkurugenzi namba tuliyoikisia. Yeye akahakikisha, bila kumwambia mtu, kwamba namba hiyo imeangukia kontena tupu. Lori tuliliazima kwa rafiki wa kampuni nyingine, kwa maandishi. Oda tuliichapa kwenye stationari ya mtaani. Nembo tuliipata kwenye karatasi ya maandazi.

Karani aliichukua, akaangalia namba kwenye Excel yake, akasema, "Hii ni lile tupu la bluu kule mwisho." Hakutuuliza sisi kontena gani, alitutajia. Akafika kwenye safu ya namba ya gari. Kwa malori ya kampuni safu hiyo hujazwa mapema. Kwa malori ya kukodi huachwa wazi, kwa sababu hadi usiku hawajui msafirishaji ataleta gari lipi. Akatazama lori letu dirishani, akaandika namba yake kwa mkono wake. Kuanzia hapo kila kumbukumbu ya kampuni ilishuhudia kwamba lori letu ndilo lililotarajiwa.

Kontena likapakiwa, sili ikafungwa, getipasi ikatoka. Geti la kutokea alikuwepo kijana, mlinzi mgeni kazini. Alizunguka lori mara mbili. Akamuuliza dereva wetu jina la wakala, dereva akababaika. Kijana akapiga simu ofisini, nikiwa nimekaa kiti cha utingo namsikia.

"Kiongozi, hapa kuna gari, dereva simwelewi."

Sauti ya upande wa pili haikuhitaji spika: "Karatasi anazo? Namba ipo? Sasa unachelewesha gari kwa nini? Mruhusu."

Akatufungulia. Aliangalia chini wakati tunapita. Mita ishirini nje ya geti tulisimama, nikashuka na barua mkononi.

Matokeo, na kosa langu

Mkurugenzi aliomba muhtasari jioni ileile. Nikamwandikia kurasa mbili: siku, saa, geti, kilichotokea. Sikutaja jina la mtu. Nilidhani hiyo yatosha. Asubuhi kampuni ya ulinzi ilipigiwa simu, na mzee wa "marahaba mwanangu" akaondolewa kituoni. Saa na geti vilitosha. Ratiba ya zamu ilisema mengine.

Tulirudi kwa mkurugenzi siku hiyohiyo. Ilichukua wiki mbili mpaka mzee akapangiwa kituo kingine, na siku za katikati hakulipwa. Mwenzangu alitaka kwenda kumwomba radhi, tukaenda wote. Alitupokea vizuri, akatupa viti, na mazungumzo yangu naye niliyoyataja juu yalifanyikia hapo, nje ya nyumba yake. Hakutulaumu, na ingekuwa afadhali angetulaumu.

Baadaye kampuni ilifanya haya: namba za oda zikaacha kufuatana, gari la kukodi likawa haliingii mpaka msafirishaji atume namba ya gari na picha ya dereva kabla, karani akawa anauliza namba ya kontena badala ya kuitaja, mtandao ukagawanywa, amri za meseji kwenye GPS zikafungwa. Kompyuta ya malori ilipewa skrini ya kengele isiyohitaji akaunti iwe wazi. Karatasi za zamani huchomwa. Mama ntilie sasa anafungia maandazi kwa magazeti, na alinilalamikia mimi mwenyewe.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kuanzia nje. Tungeanzia kwenye kompyuta tungekuta makosa ya kutosha kujaza ripoti nene, mkurugenzi angenunua vifaa, na kontena la pili lingetoka kwa njia ileile. Makosa ya mtandao yalikuwa ya kweli na mabaya, ila wizi uliotuleta haukuyahitaji. Siwezi kusema wezi wale walipitia benchi lile. Ninachosema ni kwamba njia ilikuwepo, wazi, na sisi tuliipita kwa bei ya maandazi manne.

Jaribio letu lilipata mbeleko pia. Mkurugenzi alilielekeza kontena tupu kwenye namba yetu, na akalisajili kama la gari la kukodi. Mwizi wa kweli angelazimika kubahatisha hilo. Sidhani angebahatisha sana, kwa kuwa siku za mzigo mwingi oda nyingi zilikuwa za kukodi, lakini ripoti iliyokaa kimya juu ya msaada kama huo ingekuwa inajisifu.

Penye uzito zaidi ni simu ya yule kijana. Kampuni ilikuwa na mlinzi aliyeona tatizo, akasimamisha gari, akauliza swali lililo sahihi. Ulinzi ulifanya kazi mpaka ukafika kwa mwenye cheo. Mafunzo ya walinzi, ambayo ndiyo jibu la kwanza la kila mkurugenzi, yasingesaidia hapo. Aliyehitaji mafunzo alikuwa ofisini kwenye kiyoyozi, akipimwa kwa idadi ya magari yaliyotoka kabla ya saa kumi. Tuliomba kanuni moja iandikwe na kubandikwa getini kwa saini ya mkurugenzi: mlinzi akisimamisha gari, hakuna wa kulitoa kwa simu, anayetaka litoke aje getini asaini kwa mkono. Walibishana juu ya hiyo kuliko juu ya gharama zote za mtandao. Ikapita.

Kuhusu heshima, tuliacha kupigana nayo. Kumwambia mzee asiitike salamu ni kazi bure. Kilichobandikwa ni utaratibu unaomwondolea aibu: mgeni yeyote hukaa kwenye benchi la ndani ya geti, mlinzi hupiga namba iliyopo ukutani, siyo namba anayopewa na mgeni, na mgeni husubiri aje kuchukuliwa. Mlinzi anaweza kusema "siyo mimi mwanangu, ni utaratibu" na bado wakaagana vizuri.

Upande wetu, mikataba yote tangu hapo ina kifungu kwamba hakuna mfanyakazi wala mlinzi wa mkandarasi atakayeadhibiwa kwa kilichotokea kwenye jaribio, na msimamizi wa kampuni ya ulinzi anajua mapema kwamba jaribio lipo, bila kuambiwa siku. Muhtasari wa jioni hatuandiki tena.

Miezi mitatu baadaye

Tulirudi kupima upya. Mwenzangu akaja na mkoba uleule na kisa kingine, cha printa. Getini alikuwepo yule kijana wa geti la kutokea. Alimkaribisha, akamketisha kwenye benchi, akamletea maji ya chupa, akapiga namba ya ukutani. Alimweka pale dakika arobaini. Alipoambiwa hakuna fundi anayetarajiwa, alimrudishia mwenzangu kitambulisho kwa mikono miwili na kumwomba radhi kwa usumbufu.

Picha za madereva wa kukodi zilikuwa zinatumwa kabla ya gari kufika, kama tulivyoshauri. Zilikuwa zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, pamoja na namba mpya za oda, leseni na vitambulisho, taarifa binafsi zinazolindwa na sheria ya 2022. Tulihesabu wanachama wa kundi tukiwa na meneja rasilimali watu. Kumi na mmoja walikuwa wameshaacha kazi. Mmoja wao alikuwa ameitikia picha ya asubuhi hiyo kwa dole gumba.